Mtoto Hujengwa kwa Kubomolewa

Gumzo la afya mitandaoni siku hizi halipiti bila mtu kusifia namna seli zinavyojila zenyewe. Kaa saa 16 bila kula, tunaambiwa, na mwili utaanza kumeza uchafu wake; ngozi itang'aa, sukari itashuka, uzee utachelewa. Wauzaji wa dawa za kusafisha mwili nao hawakulala, wamekwisha kuingiza otofaji, jina la kitaalamu la kazi hiyo, kwenye matangazo yao. Kwa hali hiyo si ajabu mjamzito naye akajiuliza: kama njaa husafisha seli, je, nikilinyima tumbo kidogo, sitamsaidia na huyu aliyemo? Jibu ni hapana, na sababu yake ni nzito kuliko ule ushauri wa kawaida wa kula vizuri. Ushahidi uliokusanywa kwa miongo miwili hivi, mwingi wake kutoka maabara za Japani, unaonyesha kwamba kabla ya kuzaliwa seli hujila kwa kufuata ratiba ya ujenzi wa mwili. Ratiba hiyo haimsubiri mama ashinde njaa, na njaa yake haiwezi kuiharakisha kwa manufaa ya mtoto.

Kazi yenyewe haina ugumu kuieleza. Ndani ya seli huchipuka utando mwembamba, ukajikunja na kuzingira sehemu ya vitu vilivyomo: protini zilizochakaa, mitokondria zilizochoka, wakati mwingine kipande cha ute wa seli bila kuchagua. Utando ukijifunga unakuwa kifuko. Kifuko hicho husogea hadi kikaungana na lisosomu, chumba kidogo chenye tindikali na vimeng'enya vinavyoweza kusaga karibu kila kitu, na kilichoingia kikiwa protini hutoka kikiwa asidi amino, tayari kutengenezewa protini nyingine. Ni kazi ya fundi anayebomoa banda la zamani kwa utaratibu, akivua bati moja moja na kunyoosha misumari iliyopinda, kwa kuwa nyumba mpya itajengwa kwa vifaa hivyo hivyo. Mbelgiji Christian de Duve, aliyetangaza kuwapo kwa lisosomu mwaka 1955, ndiye aliyeipa kazi hii jina mwaka 1963. Lakini kwa karibu miaka 30 baada ya hapo wataalamu waliitazama tu kwa hadubini, bila kujua ni jeni zipi zinazoiendesha.

Aliyefungua mlango huo ni Mjapani Yoshinori Ohsumi, na alitumia hamira. Alichukua hamira isiyo na vimeng'enya vya kusagia, akainyima chakula, kisha akaiweka chini ya hadubini ya kawaida ya mwanga. Ndani ya saa chache vakuoli, chumba kikubwa kinachofanya kazi ya lisosomu kwenye hamira, ilijaa vijipira vidogo vikicheza-cheza bila kutulia: mizigo iliyokwisha kufika lakini haina wa kuisaga. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1992, na mwaka uliofuata Ohsumi na Miki Tsukada wakatangaza aina 15 za hamira zilizoshindwa kazi hiyo kwa kuharibika jeni. Mwaka 2016 Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba peke yake, bila kugawana na mtu, na alistahili. Ila njia aliyotumia imetuachia picha moja vichwani: njaa itangulie, kujila kufuate. Kwa hamira picha hiyo ni kweli. Kwa mtu mzima aliyefunga ina ukweli wake pia, ingawa ni vigumu kupima kinachotendeka ndani ya viungo vya mtu aliye hai, jambo ambalo matangazo hayalitaji kamwe. Kwa kiinitete, picha hiyo inapotosha.

Ushahidi wa mwanzo, lazima nikiri, ulielekea upande mwingine kabisa. Mwaka 2004 Akiko Kuma, Noboru Mizushima na wenzao walichapisha habari za panya waliozaliwa bila jeni iitwayo Atg5, ambayo bila yake vifuko vile havikamiliki. Panya hao walizaliwa wakiwa karibu wakamilifu: miguu iko, macho yako, moyo unapiga, uzito tu ndio uliopungua kidogo. Walikufa ndani ya siku moja, lakini walikwisha kuzaliwa. Mtu mwenye shaka alikuwa na haki ya kusema: kama kijusi kinaweza kukamilika tumboni bila kujila, basi kazi hii kabla ya kuzaliwa ni pambo tu, na umuhimu wake unaanza pale kitovu kinapokatwa. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na haikujibiwa kwa maneno. Ilijibiwa kwa majaribio yaliyotoka miaka minne baadaye, ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha habari hii yote.

Ufumbuzi ulikuwa kwa mama. Panya wale wasio na Atg5 walikuwa na mama mwenye nakala moja nzima ya jeni hiyo, na yai si jeni tupu. Yai ni ghala. Wakati linakomaa kwenye ovari, mama hulijaza protini na maagizo ya kutengenezea protini, na mali hiyo hubaki humo hata kama nakala ya jeni atakayoirithi mtoto ni mbovu. Kwa hiyo vile viinitete vilivyodhaniwa kuishi bila kujila vilikuwa vimeanza maisha kwa akiba ya mama. Mwaka 2008 Satoshi Tsukamoto, Mizushima na wenzao waliripoti katika jarida la Science kwamba waliiondoa Atg5 ndani ya yai lenyewe, ghala likawa tupu. Yai hilo liliporutubishwa na mbegu ya dume mzima, kiinitete kiliendelea na watoto wakazaliwa, kwa kuwa jeni ya baba ilizinduka kwa wakati. Liliporutubishwa na mbegu isiyo na jeni hiyo, safari iliishia kwenye seli nne hadi nane. Hapakuwa bado na moyo, uti wa mgongo wala kondo la nyuma. Bonge dogo la seli lilisimama tu, halikuendelea tena.

Jaribio hilo lina jambo jingine linalostahili kutazamwa kwa karibu. Watafiti walitumia panya ambao protini mojawapo ya vifuko imeunganishwa na protini inayong'aa kijani, hivyo kila kifuko kinapoundwa huonekana kama nukta ya kijani. Yai lisilorutubishwa lilikuwa na nukta chache. Baada ya kurutubishwa, ndani ya muda wa saa nne hivi, nukta zilizagaa. Zikapungua yai lilipokaribia kugawanyika mara ya kwanza, kisha zikarudi kwenye hatua ya seli mbili. Hakuna aliyelinyima yai chakula katika saa hizo. Kilichobadilika ni hadhi yake: lilikuwa yai, sasa ni kiinitete, na protini zilizolifaa kama yai zimegeuka mzigo. Viinitete vilivyokosa uwezo wa kujila vilionekana kutengeneza protini kwa kasi ndogo kuliko vingine, yaani vilikosa vifaa. Tukumbuke pia kwamba kiinitete cha binadamu hukaa takriban wiki nzima kabla ya kujipandikiza kwenye ukuta wa mji wa mimba, na muda wote huo hakina mshipa wa damu unaokiletea chakula. Ukubwa wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mtaji wake mkubwa ni ule uliomo ndani yake, na kuuzungusha mtaji huo ndiko kujila kwenyewe.

Baada ya hapo kazi hutawanyika mwilini kote, na mifano mingine ni ya kushangaza. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti, moja la Japani na moja la Ufaransa, yalionyesha kwamba katika minyoo wadogo wa maabara mitokondria zinazoingia na mbegu ya kiume huzingirwa na kumezwa muda mfupi baada ya yai kurutubishwa. Kwa mamalia wataalamu bado wanabishana juu ya njia inayotumika. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa miezi mingi ya mimba hutengenezwa kwenye ini la kijusi, lazima zitupe mitokondria zao zote kabla hazijakomaa. Panya waliokosa protini iitwayo NIX, inayoziwekea mitokondria alama ya kumezwa, walipata upungufu wa damu. Mfano unaonivutia zaidi ni wa kundi la Beth Levine huko Texas, mwaka 2007. Katika bonge la seli za kiinitete, seli za ndani hufa ili pawe na uwazi, na kila seli inayokufa hutoa ishara ya kuwaita majirani waje kuiondoa. Bonge lililokosa jeni za kujila lilibaki limejaa maiti. Seli zilikufa, ila hazikuwa na nguvu ya kutoa ishara. Zilipopewa kemikali ya kuzitia nguvu, ishara zikarudi na uwazi ukatokea. Hata seli inayokufa, kumbe, hujila kidogo ili ipate gharama ya mazishi yake.

Lakini tusipitilize, maana shauku ya kueleza kila kitu kwa ufunguo mmoja imewaponza wengi. Lenzi ya jicho nayo hubomoa viungo vyake vyote vya ndani ili mwanga upite, na kwa miaka mingi ilionekana jambo la wazi kwamba hiyo ni otofaji. Sivyo. Mwaka 2021 maabara ya Mizushima yuleyule iliripoti kwamba kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya vingine, vinavyoyeyusha tando za viungo hivyo moja kwa moja, bila kifuko wala utando wa kuzingira. Vivyo hivyo kuna jeni kama Beclin 1 na Ambra1 ambazo zikiondolewa panya hufia tumboni mapema; wale wa Ambra1, waliotangazwa na watafiti wa Roma mwaka 2007, walikuwa na ubongo uliofunguka au mgongo wazi. Mtu angeweza kuvirundika vifo hivyo kama ushahidi. Mimi sivitegemei, kwa kuwa jeni hizo zina kazi nyingine mbali na kujila, na huwezi kujua kwa hakika ni kazi ipi iliyokosekana hadi mgongo usifunge. Hoja ya yai inasimama bila msaada wa vifo hivyo.

Turudi kwenye siku ya kuzaliwa, kwa sababu hapo ndipo wapenzi wa njaa wana hoja yao nzuri. Kitovu kikikatwa, mkondo wa chakula kutoka kwenye kondo hukoma ghafla, na maziwa bado. Kuma na wenzake walikuta kwamba katika panya waliozaliwa punde, kujila hupanda haraka kwenye moyo, kiwambo cha kupumulia na viungo vingine, hubaki juu kwa saa 3 hadi 12, kisha hushuka na kurudi kawaida ndani ya siku moja au mbili. Walipowatoa watoto kwa upasuaji na kuwaweka bila maziwa, wazima waliishi kama saa 21 na wasio na Atg5 kama saa 12, damu yao ikiwa na asidi amino chache. Hapo njaa ipo kweli, siibishii. Ila mwaka 2016 Saori Yoshii, Mizushima na wenzao walirudisha Atg5 kwenye seli za neva peke yake, na panya wakavuka siku ile, wakaishi hadi ukubwani, ingawa walikuwa na upungufu wa damu na viungo vya uzazi visivyokua. Maana yake ni kwamba kilichowaua wale wa kwanza zaidi ya yote ni neva zisizofanya kazi, ikiwamo kushindwa kunyonya. Wapo wanaosoma matokeo hayo kama pigo kwa umuhimu wa kujila. Nayasoma kinyume. Ubongo ulioonekana mzima siku ya kuzaliwa ulikuwa na kasoro iliyotoka tumboni, na kazi ya kwanza uliyopewa, kunyonya, ikaufichua.

Panya si watu, atasema msomaji, na ana haki. Kwa binadamu hatuwezi kufuta jeni kwenye yai ili tuone kitakachotokea, wala hatupaswi. Tulicho nacho ni familia ambazo maumbile yamezifanyia jambo hilo. Mwaka 1988 Carlo Dionisi Vici na wenzake nchini Italia walieleza habari za watoto waliozaliwa bila daraja la neva linalounganisha pande mbili za ubongo, wenye mtoto wa jicho, rangi hafifu na kinga dhaifu. Moyo nao huathirika. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba chanzo ni jeni EPG5, inayohusika na hatua ya kifuko kuungana na lisosomu. Kasoro ya daraja hilo la ubongo haitokani na maisha baada ya kuzaliwa, hutokea mimba ikiwa changa. Ugumu uko kwenye habari ya mwaka 2021, ya watu 12 kutoka familia tano waliokosa protini ya kujila iitwayo ATG7 kabisa au karibu kabisa, na bado wapo waliofikia utu uzima wakiwa na matatizo ya neva. Kama kujila ni msingi, wamefikaje? Mwili wa binadamu unaonekana kuwa na njia za kando za kusaga protini, na pia mama zao walikuwa na nakala nzima moja ya jeni, yaani ghala la yai halikuwa tupu. Hilo la pili ndilo lililowadanganya watafiti wa panya mwaka 2004, na sioni kwa nini litudanganye tena.

Pingamizi la mwisho linatoka hapa kwetu. Klorokwini, dawa iliyomezwa na vizazi vizima vya Afrika Mashariki hadi Kenya ilipoiacha kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, hutumika maabarani kuzuia kujila, kwa kuwa hupunguza tindikali ya lisosomu. Wajawazito waliitumia kwa miongo, kwa tiba na kwa kinga, na ndugu yake haidroksiklorokwini bado hupewa wajawazito wenye ugonjwa wa lupasi. Watoto walizaliwa wazima. Je, si uthibitisho kwamba kujila si lazima? Hapana, kwa sababu ya kipimo. Maabarani seli huogeshwa dawa kwa kiwango kinachokusudia kukwamisha kazi. Mgonjwa hupewa kiasi kinachomtosha kimelea. Kupunguza kasi ya kazi na kuiondoa kabisa ni mambo mawili tofauti. Malaria yenyewe ndiyo ya kuogopwa zaidi. Utafiti wa mwaka 2017 uliotumia kondo za wanawake wa Malawi ulikuta kwamba pale maambukizi yalipoambatana na uvimbe ndani ya kondo, vifuko vya kujila vilikuwa vingi kuliko kawaida lakini vilionekana kukwama kabla ya kuungana na lisosomu. Katika majaribio yaliyofuata kwenye seli, usafirishaji wa asidi amino ulipungua. Asidi amino ndizo mtoto anazojengewa mwili.

Kwa hiyo anayemshauri mjamzito ashinde njaa ili seli za mtoto "zijisafishe" anampa ushauri wa hamira. Kujila kwa kiinitete kunaanzishwa na kurutubishwa kwa yai na kuongozwa na hatua za ukuaji. Njaa ya mama hupunguza malighafi tu, na matokeo yake tunayajua: katika majira ya baridi ya mwaka 1944 na 1945, wakati Uholanzi ya magharibi ilipozingirwa na mgawo wa chakula ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku, waliokuwa na mimba kubwa walijifungua watoto wepesi, na waliotungwa mimba wakati wa njaa walionekana ukubwani kuwa na maradhi ya moyo zaidi ya wenzao. Sizungumzii ibada ya kufunga hapa. Dini yenyewe imempa mjamzito ruhusa ya kufungua akihofia afya yake au ya mtoto, na ruhusa hiyo haikutolewa ili ionewe haya.

Mfereji wa neva unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga takriban siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, siku ambazo wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Unayetarajia kupata mtoto, anza asidi foliki kabla, mikrogramu 400 kwa siku kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Mimba ikishaingia, usingoje tumbo lionekane: nenda kliniki kabla ya wiki ya 12, meza vidonge vya FEFO (madini ya chuma na asidi foliki) unavyopewa, lala ndani ya chandarua, na kula.